Kabla mwanao hajahama chuo Marekani, hesabuni krediti zake

Simu iliita saa nne usiku, mama akiwa anamalizia hesabu za siku za duka lake la vitenge mjini Moshi. Kule Texas, Marekani, ilikuwa saa nane mchana.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Mbona sauti imepoa hivyo, unaumwa?”

“Siumwi. Chuo kikuu wamenijibu. Wamenipokea.”

Mama alimshukuru Mungu kwa sauti, mpaka mumewe, mwalimu mstaafu, akatoka chumbani kuuliza kulikoni. Lakini upande wa pili kijana alikuwa kimya. Alipozungumza tena, alisema jambo ambalo wazazi wake walilielewa baada ya kulirudia mara tatu. Amepokewa, lakini masomo aliyosoma kwa miaka miwili hayajahesabiwa yote. Badala ya miaka miwili iliyobaki, atasoma mitatu.

Mwaka huo wa ziada haukuwamo katika hesabu za familia. Mpango ulikuwa miwili na miwili: miaka miwili katika chuo cha jamii, ambako ada ni nafuu, kisha miwili chuo kikuu kumalizia shahada ya uhandisi mitambo. Mafao ya baba yalilipia mwanzo. Mama aliongezea kwa mkopo wa kikundi chake cha vikoba. Mjomba anayeishi Houston alitoa chumba na chakula. Kila shilingi ilikuwa na kazi yake, na ya mwaka wa tano haikuwapo.

Yaliyoikuta familia hii huwakuta wengi, wakiwamo Wamarekani wenyewe. Ripoti ya mwaka 2017 ya GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria kuwa wanafunzi waliohama vyuo kati ya mwaka 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Waliotoka vyuo binafsi vya kibiashara kwenda vyuo vya umma walipoteza asilimia 94.

Kwa mzazi aliyeko Moshi, Mbeya au Mombasa, hasara hiyo haionekani mapema. Mtoto anafaulu, picha zinatumwa, ada inalipwa. Hasara hujitokeza siku ya kuhama, wakati fedha zimeshatumika.

Kupokewa ni kimoja, kuhesabiwa ni kingine

Krediti ni kipimo cha kazi ya masomo. Kwa kawaida somo linalofundishwa saa tatu kwa wiki katika muhula mmoja hubeba krediti tatu, na shahada ya kwanza huhitaji takriban krediti 120. Masomo ya uhandisi huzidi kidogo hapo.

Kijana wa Moshi alikuwa na krediti 60, na hakuna somo alilofeli. Shahada aliyoiomba ilihitaji krediti 124. Chuo kikuu kilikataa krediti sita kwa sababu zilitokana na masomo mawili ya ufundi wa kompyuta ambayo hakikuwa na mfano wake. Zikabaki 54, na barua ikasema zimepokewa.

Hapo ndipo familia nyingi hupumua. Lakini chini ya barua kulikuwa na ukurasa mwingine, wenye orodha ya masomo ya shahada na alama ya vema mbele ya kila lililokamilika. Krediti zilizopata nafasi katika orodha hiyo zilikuwa 39 tu. Nyingine 15 ziliandikwa kuwa masomo ya hiari, na shahada ya uhandisi huwa na nafasi ndogo mno kwa masomo ya hiari, au haina kabisa. Zimo kwenye rekodi, ila hazimsogezi mtu mbele.

Ni masomo gani hayo? Mawili ni utangulizi wa biashara na uhasibu, aliyoyasoma muhula wa kwanza alipokuwa bado hajaamua. La tatu ni saikolojia ya pili, wakati nafasi ya saikolojia ilikuwa moja. La nne ni la muziki, ambalo rafiki zake walimwambia ni rahisi na lingempandishia wastani. La tano ni aljebra. Aljebra humtosha anayesomea mambo mengine mengi, lakini kwa mhandisi hesabu huanza kuhesabiwa kwenye kalkulasi. Aljebra ni ngazi ya kufikia mlango.

Baada ya kutoa 39 katika 124, zilibaki 85. Kwa krediti 15 kila muhula, hiyo ni mihula sita. Miaka mitatu.

Mpango huanzia mwisho

Kosa la kijana huyu halikuwa uvivu. Alichagua masomo akianzia pale alipokuwa, muhula kwa muhula, kwa kuangalia somo lipi lina nafasi na lipi haligongani na zamu yake ya kazi maktabani. Anayekusudia kuhama hupaswa kuanzia upande wa pili: shahada ipi, chuo kikuu kipi, kisha masomo yapi ya miaka miwili ya mwanzo yanaingia katika shahada hiyo.

Chuo kikuu kinachopokea ndicho chenye kauli ya mwisho. Mshauri wa chuo cha jamii anaweza kusema somo fulani huwa linahama, na akawa amesema kweli, lakini linahamia wapi na linajaza nafasi ipi ni jambo la chuo kingine. Kwa hiyo mwanafunzi awe na washauri wawili tangu muhula wa kwanza: mmoja wa chuo alichopo na mwingine wa chuo anakokwenda. Vyuo vikuu vingi vina ofisi ya wanafunzi wanaohamia, na hujibu barua pepe hata za mtu ambaye bado hajaomba nafasi.

Jimbo la Texas lina taratibu zinazomsaidia mwanafunzi mwenye kuzijua. Vyuo vya umma vina kapu la masomo ya msingi lenye krediti 42: uandishi, hesabu, sayansi, historia, serikali na mengineyo. Akilimaliza kapu zima katika chuo kimoja cha umma, chuo kingine cha umma cha jimbo hilo hulipokea kama lilivyo, wala hakimrudishi kusoma kapu lake. Akihama kapu likiwa nusu, masomo hupimwa moja moja.

Vyuo vya jamii vya jimbo hilo pia hutumia namba za masomo zinazofanana, na vyuo vikuu vingi huzitambua. ENGL 1301 ni uandishi wa Kiingereza wa awali popote atakapousoma. Tarakimu ya kwanza huonyesha ngazi ya mwaka, ya pili idadi ya krediti. MATH 2413, yaani kalkulasi ya kwanza, ni somo la ngazi ya mwaka wa pili lenye krediti nne. Mzazi akiwa na orodha ya namba hizo anaweza kufuatilia masomo ya mwanawe akiwa sebuleni kwake.

Upo pia ukomo. Vyuo vikuu vya umma vya Texas havilazimiki kuhesabu zaidi ya krediti 66 za ngazi ya chini kutoka chuo cha jamii. Na shirika la ithibati la majimbo ya kusini, Texas ikiwamo, hutaka angalau asilimia 25 ya krediti za shahada zipatikane katika chuo kinachotoa shahada hiyo. Anayekaa chuo cha jamii mwaka wa tatu kwa sababu ada ni rahisi anaweza kuwa ananunua krediti asizoweza kuzitumia.

Mitego inayojirudia

Mtego wa kwanza uko katika jina la stashahada. Vyuo vya jamii hutoa stashahada za sanaa na sayansi, ambazo zimetengenezwa kwa anayekwenda chuo kikuu, na stashahada ya sayansi tumizi, ambayo imetengenezwa kwa anayekwenda kazini. Ya pili si mbaya, kwani fundi wa mitambo au wa mitandao ya kompyuta anaweza kupata ajira nayo mara moja. Lakini masomo yake mengi ya ufundi hayana nafasi katika shahada ya kawaida. Herufi moja kwenye fomu ya usajili huamua.

Mtego wa pili ni alama. Vyuo vikuu vingi hutaka alama C au zaidi ili somo lihame. D inaweza kuwa ufaulu pale aliposoma, na isitambulike anakohamia. Aidha, katika vyuo vingi krediti huhama bila wastani wa alama. Mwenye wastani mkubwa huanza upya chuo kipya, kwa hiyo muhula wa kwanza baada ya kuhama usijazwe masomo magumu matupu.

Mtego wa tatu ni masomo yanayofuatana. Kalkulasi ya kwanza huzaa ya pili, ya pili huzaa ya tatu, na fizikia ya wahandisi huingojea kalkulasi. Anayechelewa kuanza mnyororo huo huchelewa hadi mwisho, hata awe na krediti nyingi kiasi gani za masomo mengine.

Mtego wa nne ni wa wanaohama kutoka jimbo moja hadi jingine. Vipo vyuo vinavyogawa mwaka kwa robo badala ya mihula. Krediti moja ya robo ni sawa na theluthi mbili ya krediti ya muhula, kwa hiyo 90 za kule huwa 60 za huku. Hapo hakuna kilichopotea, ni kipimo kimebadilika. Lakini asiyejua hushtuka, na anayekaribia kuhama asipoliweka katika hesabu hujikuta amepungukiwa na somo.

Visa nayo ina kalenda yake

Mwanafunzi wa kigeni mwenye visa ya F-1 hana uhuru wa kupunguza masomo anavyotaka. Hutakiwa kusoma angalau krediti 12 kila muhula wa kawaida, na katika hizo ni somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti tatu, linaloweza kuhesabiwa. Kazi ya ndani ya chuo haizidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Mikopo na ruzuku za serikali kuu ya Marekani hazimhusu. Kwa hiyo muhula wa ziada hulipiwa na familia, mpaka senti ya mwisho.

Anapohama, barua ya kupokewa peke yake haitoshi. Rekodi yake katika mfumo wa serikali uitwao SEVIS huhamishwa na ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo cha zamani, kwa tarehe wanayokubaliana, kisha chuo kipya humpa fomu mpya ya I-20. Masomo mapya lazima yaanze ndani ya miezi mitano tangu alipoacha au kumaliza chuo cha kwanza. Tarehe hiyo ikishapita, chuo cha zamani hakina tena mamlaka juu ya rekodi, hivyo mwanafunzi ahakikishe uamuzi wake umetulia kabla ya kuiweka.

Kuna na deni dogo linalosahaulika. Faini ya maktabani au ada ya maegesho isiyolipwa inaweza kufanya chuo kizuie kutoa hati ya matokeo, na bila hati hiyo krediti hazipimwi. Ukaguzi wa madeni ufanywe miezi kadhaa kabla ya kuhama.

Upande wa nafuu, sheria ya Texas inaruhusu mwanafunzi wa kigeni aliyepata ufadhili wa kitaaluma wa kushindaniwa, usiopungua dola 1,000, kulipa ada ya mkazi wa jimbo ikiwa chuo kitamwidhinishia. Nafasi hizo huwa chache na maombi hufungwa mapema. Anayeanza kuzitafuta baada ya kupokewa mara nyingi huwa amechelewa.

Mzazi hawezi kupiga simu chuoni?

Usiku ule baba alitaka namba ya msajili ili aongee naye “kiutu uzima”. Isingemsaidia. Tangu mwaka 1974 sheria ya Marekani iitwayo FERPA imeweka rekodi za mwanafunzi wa chuo mikononi mwa mwanafunzi mwenyewe. Mzazi, hata awe ndiye anayelipa ada yote, chuo hakilazimiki kumwambia lolote, na kwa kawaida hakimwambii, mpaka mwanafunzi atie saini ya kuruhusu.

Wazazi wengi wa huku huona huo ni utovu wa heshima. Lakini mlango haujafungwa, ila ufunguo anao mtoto. Familia inaweza kukubaliana kabla ya safari kuwa kila mwisho wa muhula atatuma vitu viwili: matokeo yake, na orodha ya masomo ya shahada anayoilenga, yenye alama kwenye yaliyokamilika. Hapo mzazi hamchunguzi mwanawe kwa kumshuku, bali wanakaa pamoja kwenye hesabu moja.

Maswali ya kuuliza ni machache. Somo hili linajaza nafasi ipi katika shahada? Nani wa chuo kikuu amelithibitisha, na je, ameandika? Yamebaki masomo mangapi, na yapi hayawezi kusomwa mpaka mengine yaishe? Mtoto akijibu “nadhani”, ni wakati wa kuandika barua pepe.

Kwa aliyeanzia chuo cha nyumbani

Wapo pia wanaohama wakiwa wameshasoma mwaka mmoja au miwili katika chuo kikuu cha Tanzania. Hawa hukutana na mshangao mwingine. Katika mfumo wa TCU krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima huwa na krediti 120. Marekani krediti moja ni takriban saa 45, ukijumlisha darasa na kujisomea, na mwaka wa kawaida huwa na krediti 30. Anayeona 120 zake zimegeuka 30 asidhani ameibiwa. Mwaka umebaki mwaka.

Kinachoamua ni yaliyofundishwa. Vyuo vingi vya Marekani hutaka hati za nje zipimwe na taasisi ya tathmini, mara nyingi iliyo mwanachama wa NACES, na upimaji wa somo kwa somo ndio unaofaa kwa kuhamisha krediti. Idara nazo huomba muhtasari wa kila somo: mada, saa, vitabu, mitihani. Ni rahisi kuukusanya ukiwa bado chuoni kuliko kumwomba mhadhiri akutafutie miaka mitatu baadaye ukiwa ng’ambo.

Barua ya pili

Mihtasari ndiyo iliyomwokoa kijana wa Moshi, japo kwa sehemu. Mjomba wake alimzuia kukata tamaa.

“Umewauliza kwa nini?” alimwuliza mpwa wake.

“Hapana, mjomba. Wameshaamua.”

“Hao hawajaliona somo lako, wameona jina lake tu. Wapelekee.”

Kijana alirudi chuo cha jamii, akapata silabasi za masomo mawili, uchoraji wa kihandisi na uandishi wa programu za kompyuta, yaliyokuwa miongoni mwa yale ambayo mwanzoni aliambiwa atayarudia. Hayakuwa katika yale 39, kwa kuwa ndiyo yale mawili yaliyokataliwa kama ya ufundi wa kompyuta kabla idara haijayapima.

Alizipeleka idarani pamoja na barua fupi. Texas ina utaratibu rasmi wa jambo hilo. Chuo cha umma kinachokataa somo la ngazi ya chini kutoka chuo kingine cha umma hutakiwa kumjulisha mwanafunzi kwa maandishi, na pande zote hupewa siku 45 za kulimaliza kabla halijafika kwa kamishna wa elimu ya juu wa jimbo. Suala lake halikufika mbali hivyo. Baada ya wiki tatu krediti sita zilihesabiwa. Zikawa 45, zikabaki 79: mihula mitano na somo moja la kiangazi. Nusu mwaka ilirudi. Nusu nyingine mama anaendelea kuilipia kwa vitenge.

Sasa ni zamu ya binti. Amemaliza kidato cha sita na anataka uuguzi, akapitie njia ileile ya kaka yake. Safari hii kikao cha familia kilifanyika kabla ya fomu yoyote kujazwa. Baba alileta daftari kubwa la mistari, kaka akawa kwenye simu, na binti akaandika.

Ukurasa wa kwanza una masomo ya shahada ya uuguzi ya chuo kikuu anachokilenga, na juu yake mwaka wa mwongozo alioyatoa, kwa sababu masharti hubadilika. Ukurasa wa pili una masomo ya chuo cha jamii yanayolingana nayo, namba kwa namba. Anatomia na fiziolojia, BIOL 2401 na 2402, yamepigiwa mstari, kwa kuwa programu nyingi za uuguzi hukataa masomo ya sayansi yaliyopita miaka kadhaa, mara nyingi mitano. Kaka yake alimwongezea onyo moja: kupokewa chuo kikuu hakumaanishi kupokewa katika uuguzi, ambako ushindani ni mkali, hivyo awe na chuo cha pili kwenye orodha na masomo yanayofaa vyote viwili.

Ukurasa wa tatu umeachwa wazi. Juu yake mama ameandika kwa mkono wake: “Majibu ya chuo.” Hapo ndipo litakapoandikwa kila jibu la mshauri, jina lake na tarehe, kabla ada ya muhula haijatumwa.